Neno Hili Lingesemwa Msibani?

Oktoba 14, 1999, siku Mwalimu Julius Nyerere alipofariki dunia London, nilikuwa kijana mwenye zamu ya usiku kwenye meza ya tafsiri ya gazeti moja la Kiswahili jijini Dar es Salaam. Rais Benjamin Mkapa alikwishatangaza msiba redioni. Kazi iliyobaki mikononi mwetu ilikuwa kuwafikishia wasomaji yale ambayo dunia ilikuwa ikisema juu ya marehemu, na dunia ilisema mengi. Taarifa za mashirika ya habari ya nje zilimiminika bila kukoma. Matukio hayakunisumbua. Uhuru, Azimio la Arusha, Vita vya Kagera, kung'atuka mwaka 1985, usuluhishi wa Burundi: yote yalikuwa na maneno yake tayari, tumeyazoea tangu shule. Zilizonikwamisha ni sifa.

Taarifa moja ilimwita Mwalimu “frugal”. Nyingine “austere”. Ya tatu ikasema “ascetic”, na mwandishi mmoja akatumia “thrifty”. Kamusi iliyokuwa mezani ilinizungusha. Kila nilipoifungua nilirudishwa kwenye kundi lile lile: asiyependa anasa, mwangalifu wa matumizi, na mwishoni mwa orodha, bila onyo lolote, bahili.

Mkuu wa meza yetu alikuwa mzee wa Tanga aliyefundisha Kiingereza miaka mingi kabla ya kuingia magazetini. Nilimpelekea karatasi.

“Shikamoo, Mzee. Samahani, haya maneno si mamoja?”

“Marahaba. Hata kidogo, mwanangu.” Aliyasoma moja moja, akayapigia mstari. “Kamusi imekwambia maana. Haijakwambia nani anaweza kumwambia nani. Jiulize hivi: neno hili lingesemwa msibani? Mjane yupo, watoto wapo, wazee wamekaa mkekani. Lingesemwa?”

Tukayapitisha. Alianza na “stingy”, ambalo halikuwamo kwenye taarifa yoyote, ili kwanza nione mpaka uko wapi. Ukilitamka msibani, umemtukana maiti. Mtu wa “stingy” ndiye mkono wa birika wetu, mtu anayewanyima wenzake. “Frugal” linapita bila wasiwasi, kwa kuwa linamsifu mtu anayejinyima mwenyewe na haoni taabu. Wote wawili hawatoi pesa. Kinachowatenga ni nani anayenyimwa. “Thrifty” nalo linapita, ila ni sifa ya nyumbani. Linamfaa mama anayefikisha mshahara hadi mwisho wa mwezi, linamfaa mwenye duka, na ukimpa mkuu wa nchi unampunguza. Kwenye “austere” mzee alitulia kidogo. Waingereza, alisema, hulitumia hata kwa jengo lisilo na mapambo, kwa uso usiocheka, kwa bajeti iliyobanwa. Msibani linaweza kusemwa, lakini litasemwa na mtu aliyemheshimu marehemu kwa mbali. Aliyekula naye sahani moja hatalitumia. “Ascetic” lina harufu ya ibada: mtu anayeunyima mwili kwa ajili ya roho.

“Hilo tunalo, Mzee,” nikasema. “Zahidi.”

“Tunalo pwani. Atakayesoma Songea je? Na marehemu alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa. Ukiandika zahidi, msomaji atamwona shehe.”

Mwishowe gazeti lilitoka na “mtu wa kiasi” kwa “frugal”, na “aliyeishi bila anasa” kwa “austere”. “Ascetic” tuliliandikia sentensi nzima. Bado naamini “mtu wa kiasi” ni miongoni mwa tafsiri bora zilizowahi kutoka kwenye meza ile. Ni fupi, inaeleweka kanisani na msikitini, na mjane angeipokea.

Tangu hapo sijaamini orodha yoyote ya visawe vya sifa. Sifa hufanya kazi mbili kwa mpigo. Inamweleza anayesifiwa, na inamfichua anayesifu: amesimama wapi, amemkaribia kiasi gani, anataka tumpende au tumkimbie mtu huyo. Kamusi nyingi za lugha mbili hushughulikia kazi ya kwanza na kuiacha ya pili barabarani, na anayejifunza Kiingereza kwa kamusi hizo anabaki na maneno mengi asiyojua yanakaa upande gani.

Marehemu mwenyewe alikuwa mpimaji wa maneno. Alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, “Julius Caesar”, iliyotoka mwaka 1963, na “The Merchant of Venice”, iliyotoka mwaka 1969 kwa jina la “Mabepari wa Venisi”. Neno la Kiingereza kwenye jina lile linamtaja mfanyabiashara tu, tena mmoja. Nyerere akaandika mabepari, kwa wingi, neno lenye hukumu ndani yake, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Wapo wanaosema alivuka mipaka ya mtafsiri. Mimi naliheshimu jambo moja katika uamuzi ule: hakuuficha. Msimamo wake uko juu ya jalada, kila mtu anausoma kabla hajafungua kitabu.

Na katika tamthilia ile ya kwanza umo msiba. Antony anasimama mbele ya maiti ya Kaizari na kumwita Brutus, mmoja wa wauaji, “honourable”. Analirudia neno hilo mara kwa mara. Mwanzoni linapokewa kama heshima ya kawaida ya hadharani. Kadiri anavyolirudia, huku akitaja wema wa marehemu katikati, linageuka, na mwishoni umati unalisikia kama tusi. Herufi hazikubadilika hata moja. Nilipomkumbusha mzee wa Tanga habari hiyo alifurahi sana, akasema ndiyo maana alitaja mkeka na wazee. Kipimo chake hakikuwa cha neno peke yake. Kilikuwa cha neno, msemaji na waliokaa wakisikiliza.

Mwaka 1948 mwanafalsafa Bertrand Russell, akiwa kwenye kipindi cha redio ya BBC, alilionyesha jambo hilo kama mtu anayenyambua kitenzi: nafsi ya kwanza ikapewa neno la heshima, ya pili la lawama, ya tatu tusi kamili, na tabia inayosemwa ni ile ile, kutobadili mawazo. Kiswahili kinaifanya kazi hiyo bila jasho. Mimi nina msimamo, wewe mbishi, yule kichwa ngumu. Kila mtoto aliyekulia kwenye nyumba yenye ndugu wengi anajua ngazi hiyo na anajua lini ashuke nayo. Ndiyo maana sikubali wanaposema wanafunzi wetu hawana sikio la tofauti hizi. Sikio wanalo tangu nyumbani. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba Kiingereza nacho kina ngazi.

Kwenye meza ya habari ngazi hiyo ilitujia kila usiku. Kiongozi wa upinzani wa nchi fulani anakataa mazungumzo: taarifa moja inamwita “principled”, nyingine “stubborn”, ya tatu “defiant”. Kanuni tuliyowekewa ilikuwa hii. Kama sifa imetolewa na mtu anayetajwa, mtaje na ubebe sifa yake kwa uzito ule ule, uwe wa asali au wa shubiri. Kama ni ya mwandishi tu, andika alichofanya mtu yule na umwachie msomaji hukumu. Kanuni hiyo ilizipunguza tafsiri zetu urefu na kuziongezea ukweli, na laiti ingefundishwa kwa kila anayeandika habari kwa lugha yoyote.

Kulikuwa na sehemu ambako Kiswahili kilitusaidia na sehemu ambako kilitubana. Kwa “notorious” tulikuwa na “sugu”, neno zuri mno: jambazi sugu hawezi kuchanganywa na mwanamuziki maarufu. Lakini “sugu” hiyo hiyo ndiyo ya ugonjwa wa muda mrefu, ambao Kiingereza huuita “chronic”. Kwa upande wa kubanwa, “ya kihistoria” ililazimika kubeba “historic” na “historical” kwa pamoja. Ya kwanza ni ya tukio litakalokumbukwa. Ya pili ni ya chochote kinachohusu zamani, hata risiti ya karani aliyesahauliwa. Mechi ya kihistoria na hati ya kihistoria si ndugu, na hapo tulitegemea nomino ituokoe. Mara nyingi ilituokoa.

Nikaanza kuweka daftari. Sikuandika maana. Niliandika jirani: neno hili limekaa na nani kwenye sentensi niliyokutana nayo. Ukurasa wa wembamba ulijaa mapema kuliko yote. Chini ya “thin” nilikuwa na supu, nywele, damu, ukuta, kisingizio. Chini ya “slender”, shingo, vidole, shina la mti, mshumaa. “Skinny” ilikuja na mbwa wa jalalani, miguu ya mvulana anayerefuka, suruali ya kubana. “Slim” ilikuja na wanawake wa kwenye matangazo, vitabu vidogo vya mashairi na, cha ajabu kwangu wakati ule, uwezekano: mgombea mwenye nafasi ndogo ya kushinda huambiwa nafasi yake ni “slim”. Ukiyasoma majirani hayo kwa mfululizo, maana inajitokeza yenyewe bila mtu kukueleza. “Slender” ni macho yanayopendezwa. “Skinny” ni macho yanayoona kuna kitu kimepungua. “Thin” inapima tu. “Slim” ni neno la mtu anayeuza kitu au anayekokotoa.

Kisha mfanyakazi mwenzetu aliyekulia Masaka, Uganda, akalisoma daftari na kunionyesha jambo ambalo hakuna kamusi ya London ingenipa. Kwao, alisema, mtu hasifiwi kwa neno “slim”. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wilayani Rakai na maeneo ya jirani, watu walipoanza kudhoofika na kufa kwa maradhi yasiyojulikana, wananchi wenyewe waliyaita hivyo, “slim”, kwa kuwa ndivyo yalivyowafanya wagonjwa. Mwaka 1985 madaktari waliandika juu yake kwenye jarida la The Lancet wakilitumia jina hilo hilo la wananchi, na kuuhusisha ugonjwa huo na virusi ambavyo baadaye dunia iliviita VVU. Neno la matangazo ya vipodozi likawa jina la UKIMWI.

Nalikumbuka jambo hilo kila mtu anaposema kwamba Kiingereza kina wenyewe na sisi ni wa kupokea tu. Watu wa Rakai hawakumwomba mtu ruhusa. Walichukua neno jepesi, wakaliweka jirani mpya, kaburi, na likabadilika. Kwetu nako “amekonda” ilikuwa imeshapata woga huo miaka hiyo hiyo. Shangazi alipomwambia mtu “umekonda, mwanangu”, aliharakisha kuongeza “ni kazi hizo”, ili asisikike vingine. Mgeni mwenye kamusi angeandika kwamba “kukonda” ni kupungua unene.

Nilipoanza kufuatilia ni nani hasa waliowahi kueleza tofauti za maneno haya ya Kiingereza, nilikuta wageni nyuma ya maelezo yao, mmoja baada ya mwingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kwenye jambo hili methali ni ya kweli kabisa. Hester Lynch Piozzi alikuwa Mwingereza, rafiki wa Samuel Johnson yule wa kamusi ya mwaka 1755, lakini mume wake wa pili alikuwa mwanamuziki wa Kitaliano. Mwaka 1794 alichapisha “British Synonymy”, kitabu cha kupambanua maneno yanayokaribiana, na aliwalenga wageni. Nawaza mezani pao: mume anachagua neno, mke anasita, halafu inambidi aeleze kwa nini amesita. Maelezo ya namna hiyo mwenyeji hayatoi mpaka mtu amwulize.

Peter Mark Roget, daktari wa London, alifuata njia nyingine. “Thesaurus” yake ya mwaka 1852 iliyapanga maneno kwa makundi ya mawazo na kuyaacha bila maelezo. Kitabu hicho kimewafaa waandishi wengi, na nakithamini. Lakini ni kitabu cha mwenyeji, kinakukumbusha unalolijua. Kumpa mwanafunzi wa kidato cha pili orodha ya namna hiyo, aambiwe achague neno kubwa ili insha ipendeze, ni kumwacha gizani. Atachukua “notorious” amvishe mwalimu mkuu.

Kamusi iliyobadilisha mambo kwa watu kama sisi ilizaliwa Japani. A. S. Hornby alikwenda kufundisha huko mwaka 1924, na yeye na wenzake wawili wakaandika kamusi kwa ajili ya wanaojifunza, iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto. Oxford waliitoa mwaka 1948, na kizazi chake ndicho kile kitabu kinene chenye jina la “Advanced Learner's” kilichokuwa kwenye maktaba za shule zetu, jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi. Kinakupa sentensi. Kinakuonyesha neno likiwa kazini. Lilikuwa wazo la mtu aliyeketi miaka mingi mbele ya wanafunzi ambao hawakunyonya Kiingereza.

Na mwaka 1993 Bill Louw wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe aliandika makala iliyonipa faraja nilipoisoma baadaye, kwa sababu ilifanya kwa kompyuta kile nilichokuwa nikifanya kwa daftari. Alipekua hazina kubwa ya matini ya Kiingereza akiangalia majirani wa maneno. “Utterly”, neno ambalo kamusi ingekwambia ni “kabisa” tu, alilikuta likikaa karibu siku zote na mambo mabaya: kuchanganyikiwa, upumbavu, uharibifu. Kwa hiyo anayesema fulani ni “utterly” mpole anafanya kitu, ajue asijue. Sikio la msikilizaji limeshangoja baya.

Wenyeji nao hawasalimiki. Aprili 1951, kwenye Vita vya Korea, Brigedia Tom Brodie wa Uingereza alikuwa na vikosi vilivyozidiwa na kuanza kuzingirwa na Wachina kando ya Mto Imjin. Inasimuliwa kwamba alipozungumza na mkuu wake, Jenerali Robert Soule wa Marekani, aliieleza hali kuwa “a bit sticky”. Kwa afisa wa Kiingereza wa kizazi kile, hicho kilikuwa kilio. Mmarekani alisikia shida inayovumilika. Batalioni ya Gloucestershire ilibaki mlimani, na zaidi ya askari wake 500 waliangukia mikononi mwa adui. Watu wawili, lugha moja, kamusi moja, na neno likapita katikati yao likiwa na uzito wa aina mbili.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Washington, wachambuzi wa CIA waliandika kwamba shambulio dhidi ya Yugoslavia mwaka ule lilikuwa “serious possibility”. Sherman Kent, mmoja wa wakuu wa kazi hiyo, alipoulizwa maneno hayo yalimaanisha nini kwa hesabu, alijibu kwamba yeye aliona 65 kwa 35 kuwa shambulio lingetokea. Aliyeuliza alishtuka, alikuwa ameyasoma kwa uzito mdogo zaidi. Kent akawarudia wenzake waliokubaliana na sentensi ile. Mmoja alikuwa na maana ya 20 kwa 80, mwingine 80 kwa 20. Wote walikuwa wametia saini wakidhani wanasema kitu kimoja. Mwaka 1964 Kent alichapisha pendekezo la kufunga kila neno na namba yake, “probable” iwe kama asilimia 75, “almost certain” kama 93, na akawagawa wenzake kuwa wanahisabati na washairi, washairi wakiwa wale waliokataa kufungwa.

Maisha yangu yote nimekuwa upande wa washairi, ila kwa Kent nasimama na wanahisabati. Sifa za mtu ziachwe na utajiri wake. Sifa za hatari zipunguzwe ziwe chache na zijulikane. Anayesoma tahadhari ya mafuriko hana nafasi ya kupima kama “huenda” ni kubwa kuliko “yamkini”, au kama “inaelekea” imezidi zote mbili, na sidhani wanaoandika tahadhari hizo wamewahi kukaa wakakubaliana.

Niliacha gazeti, nikafungua ofisi ndogo ya tafsiri karibu na Posta: vyeti vya kuzaliwa, hati za ndoa, barua. Siku moja alikuja mama mmoja na binti yake aliyekuwa akiomba nafasi kwenye chuo kikuu cha Marekani. Vyeti vilihitaji kutafsiriwa. Barua ya mapendekezo ilikwishaandikwa kwa Kiingereza na mwalimu wake wa sekondari, na mama aliomba tu niisome “kama imekaa sawa”.

Sarufi ilikuwa safi kuliko barua nyingi nilizowahi kupitia. Ilisema binti ni “obedient”, ni “humble”, ni “simple”, na siku zote ni “smart”. Kila neno lilikuwa limetoka moyoni mwa mwalimu anayempenda mwanafunzi wake, na nililielewa kila moja mara moja kwa sababu nimekulia humu humu. “Smart” ni smati yetu: sketi imepigwa pasi, kola nyeupe, viatu vimeng'arishwa. Mmarekani angesoma kwamba ana akili, ambayo ni bahati njema tu. “Simple” kwetu ni mtu asiyejikweza, anayekaa na yeyote. Ng'ambo neno hilo likimkalia mtu, linakaribia kusema akili yake ni fupi. Na “obedient”, sifa kubwa kuliko zote kwenye barua ile, kule husemwa kwa mtoto mdogo au kwa mbwa aliyefunzwa. Binti alikuwa na miaka 19.

Barua si yangu, siwezi kuibadili. Nikaomba namba ya mwalimu, nikampigia.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, ndugu mtafsiri. Nimesikia una mashaka na Kiingereza changu.”

“Kiingereza hakina tatizo, Mwalimu. Nina mashaka na watakaosoma.” Nikamweleza juu ya “simple” na “smart”, akaelewa haraka, hata akataja mwenyewe neno la kuweka mahali pa “simple”: “unassuming”. Tulipofika kwenye “obedient” alikataa.

“Sasa unataka niondoe utii? Utii ndiyo sifa yenyewe. Bila huo mzazi wake angenishangaa.”

“Binti alifanya nini, Mwalimu, mpaka ukamwita hivyo?”

Akanyamaza kidogo, kisha akasimulia. Shule ilipokosa mtu wa maabara, alimwomba binti yule awaandalie kidato cha pili vifaa vya kemia kila Jumamosi. Hakuna aliyemsimamia. Aliosha chupa, alipima kemikali, aliandika kwenye daftari kilichotumika na kilichobaki, na hakukosa hata Jumamosi za mitihani yake mwenyewe.

“Yaandike hayo, Mwalimu, kama ulivyoniambia.”

“Halafu niseme yeye ni nani? “Reliable”?”

“Hilo linafaa kabisa. Ila Jumamosi zitangulie.”

Alikubali. Nikamwambia juu ya “humble”, kwamba si neno baya, litapita, isipokuwa wasomaji wa barua hizo hulikuta kila siku na huenda wasilione.

“Hilo halitoki,” alisema. “Wakimpokea, wajue wanampokea mtu wa namna gani.”

Sikubishana. Barua ilikwenda hivyo, Jumamosi na “reliable” juu, “humble” chini.